Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Mwinjili Luka ametuandikia machache sana juu ya miaka ile ya kimya ambayo Bwana wetu Yesu Kristu aliishi Nazareti. Lakini jambo moja hakuliacha: ya kuwa Mtoto yule alikua, mwili wake na hekima yake pamoja. Mwinjili hakuona haya kutaja kimo cha Mwana wa Mungu. Nyuma ya habari hiyo fupi twamwona Yosefu akitoka jasho kwa randa yake, na Bikira Maria akiinama juu ya chungu chake. Mungu Mwenyezi alikubali kukuzwa kwa chakula cha nyumba ya fundi seremala. Basi, asiwepo mtu wa kutuambia kwamba uji wa mtoto ni habari ya dunia isiyowahusu mapadre.

Wapenzi wasomaji, twaanza na neno hilo kwa sababu dhamiri yatusuta. Mwaka mmoja, baada ya mavuno, tuliitwa kubariki ghala katika kigango kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Mwenye nyumba ni Mkristu mwema, mwenye kutoa zaka bila kukumbushwa. Magunia arobaini ya mahindi yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari. Mlangoni alisimama mtoto wa kiume ameshika kanga ya mama yake. Tukamwuliza mama, "Huyu ana miaka miwili?" Naye akainamisha macho, akajibu, "Hapana, Padre. Krismasi ijayo atatimiza minne." Baba akacheka, akasema, "Ukoo wetu ni wa watu wafupi, Padre. Hata babu yake alikuwa hivyo hivyo."

Tukanyunyiza maji ya baraka juu ya magunia. Tukapewa kuku na mayai kumi, tukashukuru, tukaenda zetu. Njiani ndipo tulipotambua tuliyoyatenda. Tulibariki mahindi, na mtoto ambaye mahindi yalilimwa kwa ajili yake hatukumwuliza amekula nini. Tena tuliondoka na kuku wake na mayai yake kikapuni.

Msidhani ya kuwa nyumba ile ni ya peke yake. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa 42. Hapo tumepiga hatua, nasi twamshukuru Mungu na wote waliofanya kazi. Lakini itazameni ramani. Katika mkoa wa Iringa waliodumaa walikuwa karibu 57 katika kila 100. Njombe na Rukwa walikuwa kama nusu ya watoto wote. Je, hiyo ni mikoa ya jangwa? La hasha! Hiyo ndiyo mikoa tunayoiita ghala la taifa. Mahindi yake hulisha miji, viazi vyake hujaza malori usiku kucha, na siku hizi maparachichi ya Njombe hupanda meli kwenda Ulaya. Chakula chapita mlangoni pa mtoto kikienda kwa wengine, naye amesimama akikitazama.

Kudumaa si ufupi tu wa miguu. Mtoto aliyekosa chakula cha kufaa tangu siku ya kutungwa mimba hadi atimize miaka miwili, yaani kama siku 1,000, huumia mwili na ubongo pia. Atakapoingia darasani atachelewa kuelewa, na mwalimu atamwita mvivu. Ugonjwa ukija utampata upesi. Na siku hizo zikishapita, hasara yake ni ngumu sana kurudishwa. Mwenye shamba aliyekosa mvua mwaka huu hungoja mwaka ujao, lakini mtoto hana msimu wa pili.

Juu ya neno la ukoo, tuseme wazi, kwa kuwa limefunika makosa mengi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vya ukuaji wa watoto, baada ya kuwapima watoto wa Ghana, Brazili, India, Oman, Norwe na Marekani. Wataalamu waliona kwamba watoto wa mataifa hayo yote, wakinyonyeshwa vizuri, wakilishwa vizuri na kutunzwa wasiugue, hukua karibu sawasawa katika miaka mitano ya kwanza. Basi, katika umri huo ukoo hautoshi kuwa udhuru. Yamkini babu naye alikosa lishe utotoni, na baba akamfuata, na sasa twamrithisha mjukuu njaa huku tukiiita damu.

Serikali haikulala. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973. Mwaka 1983 mkoani Iringa ilianzishwa kazi kubwa katika vijiji 168: wanakijiji wenyewe waliwapima watoto wao uzito, wakakaa pamoja, wakaulizana kwa nini mtoto wa fulani haongezeki, nao utapiamlo mkali ukapungua sana. Kazi ile ilisifiwa hata ng'ambo. Lakini mafanikio ya kizazi kimoja hayalishi kizazi kingine, na mzazi wa leo lazima aanze tena na mtoto wake mwenyewe. Ukatungwa mpango wa taifa wa lishe, na wa pili wake uliwekwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26. Halmashauri ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alitia saini mkataba wa lishe na wakuu wa mikoa. Vijijini imewekwa Siku ya Afya na Lishe, kila baada ya miezi mitatu, ili watoto wapimwe na wazazi wafundishwe.

Hayo yote ni mema. Lakini mpango, hata ukiandikwa na wenye hekima wote, hauwezi kukoroga uji. Mkuu wa mkoa hawezi kuketi katika kila jiko. Mkataba uliotiwa saini mbele ya Rais unakosa saini moja bado, nayo ni ya baba na mama nyumbani kwao.

Basi, kwanza twasema nanyi, akina baba. Ninyi ndio mnaofungua ghala na kulifunga. Gunia likiuzwa, fedha yake yaenda wapi? Twajua ada ya shule, twajua mbolea na bati. Twajua pia kilabu cha pombe. Hatusemi msiuze, bali kabla ya kuuza kaeni na mama wa nyumba, mhesabu pamoja: mahindi ya kula ni magunia mangapi, maharage debe ngapi, karanga debe ngapi, na fedha ya dagaa na mafuta itoke wapi hadi mavuno mengine. Tena mezani, yai na kipande cha nyama visimngojee baba peke yake wakati mtoto analamba mchuzi. Na mama akiwa mjamzito, mpunguzieni jembe na mzigo wa kuni. Mtoto huanza kudumaa tumboni, mama anapochoka kupita kiasi na kula kidogo. Msione aibu kumsindikiza kliniki. Mtakatifu Yosefu alimsindikiza Maria safari ndefu kuliko hiyo.

Pili twasema nanyi, akina mama, na hasa nanyi bibi mnaoheshimiwa katika malezi. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji wala uji. Baada ya hapo aendelee kunyonya hadi miaka miwili, na apewe chakula kingine. Hapa ndipo wengi hukosea. Uji mwepesi wa mahindi matupu hujaza tumbo dogo upesi, kisha haumjengi mtoto. Uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa, au maharage yaliyopondwa, au dagaa waliotwangwa, au yai, na mafuta kidogo. Mboga za majani zimejaa shambani: mchicha, matembele, majani ya maboga. Parachichi lililoanguka chini ya mti, ambalo mnunuzi amelikataa, mtoto hatalikataa. Alishwe mara mbili au tatu kwa siku anapoanza, na mara tatu au nne akitimiza miezi tisa. Mkienda shamba alfajiri na kumwachia dada yake wa miaka saba, jueni ya kuwa atakula ugali wa jana mpaka jioni. Chukueni chakula chake pamoja na majembe.

Yapo mengine madogo yenye faida kubwa. Unga wa dona unabakiza wema wa punje kuliko sembe nyeupe iliyokobolewa. Mahindi na karanga vikaushwe vema juu ya turubai, maana ukungu huleta sumukuvu, nayo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Choo kiwe safi, na mikono inawe kwa sabuni, kwa kuwa mtoto anayeharisha kila mwezi hupoteza kile alicholishwa. Chumvi iwe ile yenye madini joto. Na mama mjamzito asivitupe vidonge vya kuongeza damu.

Nanyi wasomaji wa mjini, msijione mmesalimika. Mtoto anayeshindia soda na chipsi amekosa chakula kama yule wa uji mtupu, ijapokuwa ananenepa. Wengi wenu mwapeleka fedha nyumbani kwa wazazi. Siku moja pelekeni pia swali hili: watoto wadogo wa nyumba yetu wanakula nini?

Mwisho twasema nasi wenyewe, mapadre, masista, makatekista na viongozi wa jumuiya. Tumejua kuchangisha kwa ajili ya Kipaimara na arusi, na kuchinja ng'ombe siku ya somo wa parokia. Je, tumewahi kuuliza katika jumuiya zetu ndogo ndogo ni watoto wangapi hawajapimwa kimo mwaka huu? Siku ya Afya na Lishe itangazwe baada ya Misa, kama tunavyotangaza ndoa. Akina mama wa WAWATA wenye ujuzi wamfundishe msichana aliyezaa juzi, pasipo kumwaibisha. Na viongozi wa kata wakumbushwe, kwa heshima lakini bila woga, juu ya zile shilingi 1,000 za kila mtoto: zimetengwa, na je, zimetolewa? Fedha iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto ikitumika kwa posho za vikao, ni kumnyang'anya chakula asiyeweza kusema.

Mwinjili Marko asimulia juu ya binti wa Yairo, msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye Bwana alimwinua kutoka mautini. Waliokuwamo chumbani walishikwa na mshangao mkubwa. Katika mshangao ule ni Bwana mwenyewe aliyekumbuka kwamba mtoto aliyerudi uzimani anahitaji kula, naye akaagiza apewe chakula. Uzima aliutoa Yeye. Chakula aliwaachia watu wa nyumba ile. Ndivyo ilivyo hata leo. Ubatizo wa watoto wetu twauleta mbele ya Mungu kwa furaha, nao ni uzima wake. Lakini sahani ametuachia sisi.

Mavuno yajayo, Mungu akipenda, tutarudi katika kigango kile. Kabla ya kunyunyiza maji ya baraka tutaomba kwanza tumwone mtoto na sahani yake, kisha tutabariki vyote pamoja. Na wakituletea kuku, tutashukuru kwa moyo wote, lakini tutaomba abaki nyumbani, atage mayai kwa ajili ya yule mdogo.