Mwanao anasoma chuo gani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, hivi karibuni nilihudhuria walima Ilala. Tumekaa jamvini tukisubiri pilau, mzee mmoja akamuuliza mwenziwe, "Mzee mwenzangu, yule kijana wako siku hizi yuko wapi?" Akajibiwa kuwa yuko chuoni, anasomea ualimu. "Chuo gani?" Baba mtu akakitaja, chuo kidogo cha mkoani. Muulizaji akasema, "Aa, Mungu atasaidia," kama mtu aliyepewa habari ya ugonjwa, kisha akaanza kumueleza wa kwake aliyeko Uingereza. Yule baba hakusema neno tena mpaka tuliponawa mikono.

Maradhi haya hayakuanzia Ilala. Hao wenye vyuo tunavyovitetemekea wameugua kabla yetu. Cambridge ilianza mwaka 1209 kwa wanachuoni waliokimbia ugomvi wa Oxford, na hadi leo ndugu hao wawili hawajaacha kutazamana. Tangu 1829 wanashindana hata kupiga makasia. Kule Marekani, Harvard ilianzishwa 1636 na Yale ikafuata 1701, na wengi wa waasisi wa Yale walikuwa wahitimu wa Harvard hiyo hiyo.

Makasia si neno, vijana waache wacheze. Msiba ni pale jina linapokuwa ndiyo bidhaa. Tangu mwaka 1983 gazeti moja la Marekani, U.S. News, limekuwa likivipanga vyuo wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wazazi wanaisoma orodha ile kama msimamo wa ligi. Chuo Kikuu cha Columbia kilikuwa kimepanda hadi nafasi ya pili. Mwaka 2022 profesa wake mwenyewe wa hesabu, Michael Thaddeus, akakaa chini akazikagua takwimu ambazo chuo kilipeleka, akasema hadharani kwamba hazisemi kweli. Baadaye chuo kikakiri makosa, na katika orodha iliyofuata kikashuka hadi ya 18. Hebu jiulizeni: katika miezi ile, maktaba yake ilipungua kitabu? Walimu walisahau walichokuwa wanakijua? Hakuna kilichobadilika ila namba.

Mwaka 2019 likafichuka jingine. Wazazi matajiri, wakiwemo wacheza filamu, walikuwa wakimlipa dalali mmoja aitwaye Rick Singer ili watoto wao waingie vyuo vyenye majina. Wengine walisahihishiwa majibu ya mtihani kwa siri, wengine waliandikwa kuwa ni wanamichezo wa mchezo ambao hawakuucheza. Dalali akahukumiwa miaka mitatu na nusu jela, na baadhi ya wazazi wakafungwa pia. Wazazi wale hawakuwa na shida ya elimu, kwa sababu fedha zao zingeweza kuwaajiri watoto wao walimu wa kila aina. Walichokinunua ni jibu la lile swali la jamvini.

Naam, na sisi tunalo letu. Sura ya 102, At-Takaathur, inawazungumzia watu walioshughulishwa na kushindana kwa wingi mpaka wakafika makaburini. Baadhi ya wafasiri wameeleza kuwa makabila mawili yalijifakharisha kwa idadi ya wakubwa wao, na walipomaliza walio hai wakaenda kuhesabu maiti. Vyuo vikubwa hufanya vivyo hivyo, huhesabu marais na washindi wa Nobel waliokwisha zikwa. Nasi tukibanwa tunakimbilia Fez na Cairo: Qarawiyyin ya mwaka 859, Azhar ya karne ya kumi, tulikuwepo kabla ya Oxford! Sawa, tulikuwepo. Lakini anayeyasema hayo mara nyingi hata darsa ya msikiti wa mtaani kwake hahudhurii.

Wale wa Fez na Cairo walikuwa na desturi moja nzuri. Ijaza aliitoa mwalimu, kwa jina lake, juu ya kitabu alichomsomesha mwanafunzi. Swali lilikuwa umesoma nini na kwa nani. Ukuta wa jengo haukumpa mtu ijaza.

Tena ipo hadithi nzito aliyoipokea Abu Huraira (r.a.), imo katika Sahihi Muslim. Miongoni mwa watu wa mwanzo kuhukumiwa na kutupwa motoni ni mtu aliyejifunza elimu na kuifundisha. Ataambiwa kwamba alisoma ili watu wamwite mwanachuoni, na kuitwa alikwisha itwa. Malipo yake ameyamaliza duniani. Sasa kama huyu aliyesoma kweli hali yake ni hiyo, sisi tunaojifakharisha kwa cheti cha mtoto tutasema nini?

Sisemi watoto wasiende Mlimani, wala Makerere, wala Oxford. Akipata, na ada ikapatikana kwa halali, na aende. Ninalolikemea ni kumvunja moyo aliyepata pengine. Nimeshuhudia kijana amekaa nyumbani miaka miwili akiukataa udahili alioupata kwa sababu mama yake aliona haya kuutaja.

Baada ya dua nilimfuata yule baba. Akaniambia kijana yuko kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule ambayo haikuwa na mwalimu wa hesabu tangu mwaka jana. Nikamuomba namba yake ya simu, kwani madrasa yetu inatafuta mtu wa kuwasomesha hesabu vijana wa kidato cha nne.

Wabillahi tawfiiq.