Mchezaji na Shabaha: Suala la Maadili katika Michezo ya Video, kwa Kurejelea Kaskazini Mashariki mwa Kenya

1.0 Utangulizi

Tofauti za kimaeneo katika biashara ya michezo ya video huelezwa kwa kawaida kwa lugha ya uchumi. Husemwa kwamba eneo hili lina wanunuzi wengi na lile lina wachache. Kwamba mchezo hutolewa kwanza Japani, Marekani au Ulaya ndipo usambae kwingineko. Kwamba mashine ambayo kwa familia moja ya London ni zawadi ya sikukuu, kwa familia ya Garissa ni mtaji wa kufungulia kibanda ambamo vijana hucheza kwa kulipia kila mchuano. Maelezo haya ni ya kweli. Hata hivyo, yanaishia mlangoni. Hayasemi lolote kuhusu kile ambacho kijana anakikuta akishaketi mbele ya kioo na kuanza kucheza.

Makala haya yanashikilia kwamba ipo tofauti nyingine, ya kimaadili, inayohusu mgawanyo wa nafasi ndani ya mchezo wenyewe. Watu wa maeneo fulani hupewa nafasi ya mchezaji: wao ndio watazamaji, watendaji na wenye kuamua. Watu wa maeneo mengine hupewa nafasi ya shabaha. Swali linaloulizwa ni hili: je, heshima anayostahili binadamu katika kazi ya sanaa yaweza kupimwa kwa uwezo wake wa kuinunua kazi hiyo?

2.0 Vita vya Mogadishu, kutoka kitabuni hadi mchezoni

Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 askari wa Marekani walipambana na wapiganaji wa Kisomali katika mitaa ya Mogadishu. Wamarekani 18 waliuawa. Kwa upande wa Wasomali, makadirio mengi yanahesabu waliouawa kwa mamia, wakiwamo raia. Tukio hilo lilizaa kitabu cha Mark Bowden, Black Hawk Down (1999), kisha filamu ya Ridley Scott yenye jina hilohilo (2001), kisha mchezo wa kompyuta wa kampuni ya NovaLogic, Delta Force: Black Hawk Down (2003). Mwaka 2025 vita hivyohivyo vilirudishwa katika mchezo mpya wa Delta Force, safari hii kwa mikono ya watengenezaji wa Kichina.

Msomaji akizifuatilia kazi hizi kwa mpangilio wa miaka yake, ataona jambo ambalo uhakiki wa tanzu haupaswi kulipuuza. Bowden alisafiri hadi Mogadishu, akawahoji Wasomali, na kitabu chake kina kurasa zinazosimuliwa kwa mtazamo wao. Katika filamu Wasomali wenye kauli ni wachache. Katika mchezo wa 2003 Msomali karibu hana neno. Anajitokeza darini au dirishani, na kazi ya mchezaji ni kumwangusha kabla hajafyatua risasi. Kila utanzu ulipochukua hadithi kutoka kwa uliotangulia, Msomali alipoteza sehemu ya sauti yake, ingawa idadi yake machoni pa mtazamaji iliendelea kuwa kubwa.

Achukuliwe sasa, kwa ajili ya mjadala, kijana wa Garissa anayeucheza mchezo huo. Ni Mkenya, ni Msomali. Huenda ana jamaa waliovuka mpaka kuanzia mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka na kambi za Dadaab zikafunguliwa katika eneo hilohilo la Garissa. Majina anayoyasikia mchezoni ni ya mji ambao wazee wake huutaja wakiwa kwenye chai. Ili ashinde, hana budi kuingia katika mwili wa askari wa kigeni na kuwaua watu wanaofanana na wajomba zake.

Aidha, kuonwa kama adui kupitia tundu la bunduki si jambo la kubuni katika historia ya eneo hili. Vita vilivyoitwa vya shifta vilipiganwa kuanzia 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zilizowekwa kwa ajili ya Kaskazini Mashariki hazikuondolewa hadi 1991. Neno "shifta" lenyewe lilifanya kazi ambayo mchezo huifanya kwa picha: lilimfutia mtu jina lake, ukoo wake na dai lake, likambakizia sura moja tu ya mtu wa kupigwa. Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, maana ya sura hiyo ilidhihirika kwa mauaji. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji wa Al-Shabaab, nao wakiwa wamewapunguza binadamu hadi kuwa shabaha, waliingia katika chuo kikuu cha Garissa. Watu 148 wakapoteza maisha yao. Kwa hiyo mlio wa bunduki si pambo la sauti tu Garissa. Ni kumbukumbu.

3.0 Ni kumbukumbu ya nani inayoheshimiwa?

Yaweza kudaiwa kwamba watengenezaji hawawezi kujua kumbukumbu za kila mji duniani. Dai hili lingekuwa na nguvu kama wangekuwa hawabadilishi chochote kwa ajili ya mtu yeyote. Lakini hubadilisha. Mchezo wa Half-Life (1998) ulipopelekwa Ujerumani, askari wa kibinadamu waliondolewa na roboti zikawekwa mahali pao, ili mchezaji wa huko asimwage damu ya watu. Kwa miaka mingi alama za Kinazi zilifutwa katika michezo iliyouzwa nchini humo, hadi utaratibu wa ukaguzi ulipolegezwa mwaka 2018. Nao mchezo wa Fallout 3 (2008) ulipotayarishwa kwa ajili ya Japani, uwezekano wa mchezaji kulipua bomu la nyuklia katikati ya mji uliondolewa, na silaha iliyoitwa kwa jina linalokumbusha bomu la Nagasaki ikapewa jina jingine.

Hakuna sababu ya kuyabeza mabadiliko hayo. Yanaonyesha kwamba biashara hii inafahamu vyema kuwa picha inaweza kutonesha kidonda. Yanaonyesha pia kwamba ufahamu huo huamka penye mambo mawili: sheria yenye meno na soko lenye fedha. Mjerumani alilindwa na sheria yake. Mjapani alizingatiwa kwa kuwa ni mnunuzi ambaye hisia zake zina bei. Garissa haina lolote kati ya haya. Hakuna toleo la Kaskazini Mashariki, na hakuna anayeuliza kama lingehitajika. Hivyo jibu linalotolewa na soko kwa swali la makala haya ni ndiyo: heshima hupimwa kwa ununuzi. Ni jibu lisilotamkwa, ila hutekelezwa.

Hali ya Kiswahili katika michezo hii inathibitisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Wimbo "Baba Yetu" alioutunga Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV (2005) una maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Miaka minne baada ya mchezo huo, kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5 (2009), hadithi inayotokea Kijuju, eneo la kubuni lililowekwa Afrika Magharibi. Wakazi walioambukizwa wanaitwa Majini, na wanapomvamia mchezaji hupayuka kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili si lugha ya Afrika Magharibi. Mara moja lugha hii ni utukufu, mara nyingine ni kitisho. Katika zote mbili inasikika bila kumsemesha mchezaji. Imechukuliwa kama sauti ya Afrika, na maana yake imeachwa nyuma.

Mchezaji wa Osaka au Chicago husikia kelele. Mchezaji wa Garissa husikia maneno ya lugha aliyofundishwa darasani. Yeye anamwelewa adui. Hapo ndipo kitendawili cha kimaadili kinapokuwa kikali zaidi: mchezo umemweka katika hali ambayo kuelewa hakumsaidii kitu, maana hata akielewa hana kitufe cha kujibu. Anachopewa ni kitufe cha kupiga risasi.

4.0 Hoja ya "mchezo tu"

Pingamizi kubwa dhidi ya uhakiki wa aina hii ni kwamba mchezo ni mchezo tu. Johan Huizinga, katika Homo Ludens (1938), alieleza kwamba mchezo hutengewa mahali na wakati wake, nje ya maisha ya kawaida, na una sheria zake. Wazee wa Kisomali wachezao shax, mchezo wa kete 12 kwa kila upande kwenye miraba iliyochorwa mchangani, wanaijua hali hiyo bila kumsoma Huizinga. Mmoja hula kete za mwenziwe bila huruma, kisha wakasimama wakiwa marafiki. Kwa nini basi kijana alaumiwe kwa kuangusha picha?

Jibu ni kwamba hastahili lawama. Uwezo wa kujivika nafasi ya mwingine, hata ya adui, ni msingi wa sanaa yote; anayemkataza kijana uwezo huo atalazimika kumkataza pia kusoma riwaya. Lakini kete ya shax haina kabila. Haina lugha, wala mtaa, wala tarehe. Mchezo wa Mogadishu umevutia wateja kwa kujinadi kuwa unatokana na tukio la kweli. Haiwezekani kazi ikope uzito wa ukweli inapouzwa, kisha ijifiche nyuma ya neno "mchezo" inapohojiwa.

Yaweza kusemwa pia kwamba fasihi ya Kiswahili yenyewe ina mashujaa na maadui. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, unasimulia vita vya Waislamu na Warumi wa Herekali, na haufichi upande unaoupendelea. Lakini Herekali ana jina, ana baraza, na ana kauli. Anashindwa akiwa mtu. Mfano huu unasaidia kuweka mpaka wa hoja ya makala haya: kuegemea upande mmoja si kosa la kimaadili. Kosa ni kumnyima mpinzani sauti, kisha kumwita mazingira.

5.0 Kugeuza upande

Kwamba kuna njia nyingine, fasihi imeshaonyesha. Nuruddin Farah, katika riwaya ya Links (2004), anamrudisha Jeebleh kutoka Marekani hadi Mogadishu, na vita vya 1993 vinakumbukwa na wale walioishi chini ya helikopta. Katika michezo, Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alibuni Salaam, mchezo ambao anayecheza ni mkimbizi na ushindi wake ni kubaki hai. Mwaka 2018 alitambuliwa katika hafla ya The Game Awards. Mtu aliyezoeleka kuwa wa pembeni amewekwa nyuma ya macho ya mchezaji. Kambi za Dadaab nazo hazikosi hadithi za namna hiyo.

Nchini Kenya kazi imeanza. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na kampuni ya Leti Arts, aliyoianzisha pamoja na Eyram Tawia mwaka 2009, imetumia mashujaa wa Kiafrika. Nairobi X (2015) iliufanya mji mkuu kuwa uwanja wa kupigana na wavamizi kutoka anga za mbali. Hata hivyo, wabunifu wa Nairobi hawana budi kujihoji. Mgawanyo uliopo kati ya Marekani na Mogadishu unaweza kujirudia kati ya Nairobi na Garissa: mji mkuu ukawa mchezaji, na jimbo la mpakani likabaki chimbuko la hatari. Kutengenezwa Afrika hakuufanyi mchezo kuwa wa haki.

6.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba heshima katika biashara hii hufuata sheria na soko. Garissa haitapata soko kubwa kesho, na sheria za kupiga marufuku hazifai. Zingemwondolea kijana mchezo bila kumrudishia sauti. Inabaki nguvu ya tatu, nayo ni uhakiki. Idara za fasihi zimeuacha utanzu huu kwa wanauchumi na walezi wenye hofu, ilhali maswali yake ni yaleyale ya fasihi: nani anasimulia, nani anasema, nani ananyamazishwa.

Katika Kiswahili neno "shabaha" lina maana mbili: kitu kinacholengwa, na vilevile mfano au kufanana, kama lilivyo jamaa yake "kushabihi". Mtengenezaji wa mchezo ameishika maana ya kwanza. Kijana wa Garissa, anapomtazama mtu aliye upande wa pili wa kioo, anaiona ya pili. Uhakiki unaostahili jina hilo hauna budi kumsikiliza kijana huyo anachokiona, kabla ya kumwambia kwamba ni mchezo tu.