Mwendo wa Mama Anyonyeshaye



Ndugu msomaji, katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, Yakobo anarudi kwao baada ya miaka mingi. Ndugu yake Esau anamlaki na kutaka waongozane. Yakobo anakataa kwa upole. Anaeleza kwamba watoto wake ni wadogo, na katika mifugo wamo wanaonyonyesha. Wakiharakishwa hata siku moja tu, watakufa. Basi Esau atangulie, naye atafuata polepole kwa mwendo wanaouweza wao.

Nimewafundisha wachumba wengi kabla ya ndoa, lakini somo hili sikuwahi kulifundisha mpaka liliponipata nyumbani kwangu.

Mwaka 2012 mke wangu alijifungua mtoto wetu wa tatu. Alikuwa ameajiriwa katika shamba la maua, kwenye banda la kupakia. Posho ya katekista mnaijua. Mshahara wake ndio uliolipa kodi ya nyumba na karo. Wiki ya sita msimamizi alituma ujumbe kwamba kazi ni nyingi, na asiporudi nafasi yake itapewa mwingine. Mke wangu alinitazama. Nami nikasema, "Mama watoto, jikaze. Tutafanyaje?"

Akajikaza. Alisimama kutwa nzima, matiti yamejaa maziwa na pa kuyakamua hakuna, huku mtoto akinyweshwa uji mwepesi kwa jirani. Siku ya nane titi moja lilivimba likawa la moto, homa ikampanda, akaanguka kazini. Jioni hiyo mimi nilikuwa kigangoni, nikiwaeleza wachumba barua kwa Waefeso, sura ya 5, jinsi mume anavyopaswa kumpenda mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Nikaitwa katikati ya somo.

Alipona, Mungu ashukuriwe. Muuguzi aliyemtibu aliniuliza swali moja: "Baba, ni nani aliyesema arudi kazini?" Nilikuwa na maneno mengi ya kumlaumu msimamizi. Lakini neno "jikaze" lilitoka kinywani mwangu.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba tulikuwa na haki tusiyoijua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili kwa mshahara kamili. Likizo ya mama ya kila mwaka haipotei kwa sababu amezaa. Akimaliza, ana haki ya kurudi kwenye kazi yake, au nyingine inayomfaa ambayo masharti yake si duni kuliko ya kwanza. Kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba si halali. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaongeza kwamba mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa, na ampe mama muda wa kufanya hivyo, usiozidi jumla ya saa moja katika saa nane za kazi. Muda huo unahesabiwa kuwa ni kazi.

Kwa hiyo naomba niseme na kila mmoja.

Wewe baba, usingoje uchungu uanze. Msindikize mkeo kliniki mapema, kabla ya miezi mitatu ya mimba kuisha. Hakikisha familia imeandikishwa SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF. Jifunze dalili za hatari: kutokwa damu nyingi, maumivu makali ya kichwa, macho kuona kiwi, uso na mikono kuvimba, homa, kupumua kwa shida. Ukiona mojawapo, kabla au baada ya kujifungua, usingoje kupambazuke, mpeleke hospitali. Kisha omba wiki zako mbili, usione haya mbele ya wenzako. Wiki hizo si za kukaa kwenye baraza na magazeti. Chota maji, fua nepi, pika, mpokee mtoto usiku ili mama alale. Bikira Maria alikaa kwa Elizabeti kama miezi mitatu, wala hakupita kusalimu tu.

Wewe mama, mwandikie mwajiri wako angalau siku saba kabla ya likizo kuanza, na ubaki na nakala. Akitaka cheti cha daktari au cha mkunga, mpe. Akikutisha, usibaki na siri hiyo peke yako. Mwambie mumeo, nendeni kwa chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi. Na mwili ukikuuma, sema. Kunyamaza na maumivu si fadhila ya ndoa.

Nawe mwajiri Mkristo, usidhani nasema na wenye mashamba makubwa peke yao. Una duka, una shule ya chekechea, una msichana wa kazi jikoni kwako. Je, akipata mimba utamfungia virago? Sheria hiyo ni yake pia. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipangwe kwa namna ambayo mwanamke hatalazimika kuiacha familia yake ili apate maendeleo. Utasema biashara itachelewa. Ni kweli, itachelewa kidogo. Yakobo naye alichelewa, lakini alifika na watoto wake wote wakiwa hai.

Siku hizi, ninapowafundisha wachumba, namwomba kijana anitajie dalili za hatari kabla sijamwandika jina kitabuni. Wengine hucheka. Mke wangu akiwapo, yeye hacheki.

Leo usiku, kabla ya Rozari, muulize mwenzako: "Mwili wako unasemaje?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.