Gharama ya Kumpokea



Juu ya meza ya John Gurdon, mwanasayansi wa Cambridge, ilining'inia ripoti ya shule ya mwaka 1949 iliyotiwa fremu. Mwalimu wake wa baiolojia huko Eton alikuwa ameandika kwamba kijana huyu kutamani sayansi ni kichekesho, na kumfundisha ni kupoteza muda wa wote wawili. Katika baiolojia, kati ya wanafunzi 250 wa rika lake, alikuwa wa mwisho. Akaondolewa kwenye sayansi, akapelekwa kusoma Kilatini na Kigiriki. Mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Hadithi tamu, lakini siihubiri. Wahubiri wa mafanikio wapo wa kutosha. Tutazame kazi yenyewe.

Kila mmoja wetu alianza akiwa seli moja. Seli hiyo hugawanyika, na kila uzao hushika njia yake: huu ngozi, huu moyo, huu utumbo. Gurdon alipoanza utafiti Oxford mwaka 1956, wengi waliamini kwamba seli ikishakuwa ya utumbo basi, njia nyingine zimefungwa. Marekani, watafiti Briggs na King walikuwa wamejaribu kuhamishia viini vya seli kwenye mayai ya vyura; kila walipotumia viini vya seli zilizokwisha kukomaa, mambo yaligoma. Gurdon akamchukua Xenopus, chura wa kusini mwa Afrika. Alitwaa yai, akakiua kiini chake kwa mionzi ya urujuanimno, kisha kwa sindano nyembamba ya kioo akaingiza ndani yake kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi. Mayai mengi yaliharibika. Katika kila mia, moja au mawili tu ndiyo yaliyotoa viluwiluwi wazima, wanaoogelea na kula. Alipotangaza mwaka 1962, wakubwa wa fani walitia shaka kwa miaka. Vyura hawakujali, baadhi walikua, wakazaa.

 

Seli si mtu, na sipendi mahubiri yanayoiburuta maabara kutoa ushahidi wa imani. Ila kuna jambo katika kazi ile linanisumbua. Kiini hakikujirudisha chenyewe. Kingeachwa utumboni, kingebaki cha utumbo hadi kufa. Kilichokigeuza ni yai lililokipokea, ute wake ukakifungulia maagizo yaliyokuwa yamelala. Na yai hilo, ili lipokee, lilikuwa limepoteza kiini chake lenyewe.

Vivyo hivyo, Paulo alipomrudisha Onesimo kwa bwana wake, barua hakumwandikia Onesimo. Alimwandikia Filemoni, mwenye nyumba, mwenye haki ya kudai. Huyo ndiye aliyepaswa kubadilika kwanza: ampokee kama ndugu mtu ambaye majirani wote walimjua kuwa mtumwa wake, na deni la Onesimo akubali liandikwe kwa Paulo. Onesimo alikuwa ameshafanya la kwake, alikuwa njiani.

Sisi tuna ibada ya kurudi kundini. Tunamsimamisha mtu mbele ya usharika, tunamwombea, tunampa mkono. Halafu? Anarudi benchi la nyuma. Kwaya imeshajaza nafasi yake. Jumuiya inasema, tumwangalie kwanza. Mwaka unakwisha, bado tunamwangalia, na siku akionekana kilabuni tunasema tulijua. Toba tumemdai yeye. Sisi wenyewe hatukuachia hata kiti.

Najua jibu la wazee wangu: tulishampokea fulani, akatuangusha. Kweli, na wengine watatuangusha. Lakini Gurdon hakuhukumu viini vyote kwa mayai ya kwanza yaliyooza.

Kwa hiyo, kabla ya ibada ya kurudi kundini ya mwezi ujao, nawaomba viongozi wa kwaya na jumuiya mniletee jina moja na kazi moja kwa kila anayerudi: nani atamtembelea nyumbani, na yeye mwenyewe atakabidhiwa kazi gani. Mzee mmoja ameniuliza kama kazi hizo ni pamoja na kuhesabu sadaka. Nimemjibu ndiyo.