Gharama ya Kubadilika Hulipwa na Nani?

Katika mabaraza ya wazee na katika vikao vya vijana wa usharika, semi mbili hukutana na kugongana. Mzee husema, "Mwacha mila ni mtumwa." Kijana hujibu, "Mzee wangu, dunia imebadilika." Wote wawili huja na Biblia mkononi. Mmoja atakumbusha kwamba Mungu hageuki, mwingine atakumbusha kwamba Mungu hufanya mambo yote kuwa mapya. Mara nyingi kikao huahirishwa hapo, na kila mtu huenda nyumbani akiwa na uhakika kwamba ameshinda.

Naomba tulitazame jambo hili kwa swali lingine. Badala ya kuuliza kama tubadilike au tusibadilike, tuulize hivi: tunapobadilika ili tuishi, nani anayelipa gharama yake? Ninaamini swali hili liko karibu zaidi na Injili kuliko lile la kwanza.

Nitachukua mfano wa Kilimanjaro, mahali ambapo Injili ilihubiriwa na wamisionari wa Leipzig tangu mwaka 1893, na ambapo mabadiliko ya mazingira na ya jamii yanaonekana kwa macho. Theluji ya Kibo ambayo babu zetu waliitazama si hii tunayoitazama sisi. Wataalamu waliolinganisha ramani ya mwaka 1912 na hali ya mwaka 2000 waliona kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu ilikuwa imetoweka. Wengi husikia habari hiyo na kudhani ndiyo sababu mito imepungua. Kwa kweli sehemu kubwa ya maji ya mlima haitoki kwenye barafu. Hutoka kwenye msitu, unaopokea mvua na kunasa ukungu, kisha kuyaachia maji polepole ardhini. Kwa hiyo barafu hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu, lakini msitu uko karibu sana na mapanga yetu. Ni rahisi kulia juu ya kile kilicho mbali na kunyamaza juu ya kile tunachokikata wenyewe.

Watu wa mlima huu hawajawahi kuwa watu wasiobadilika. Walichimba mifongo, ile mifereji inayochukua maji ya mito juu kwenye makorongo na kuyafikisha hadi kwenye vihamba. Wageni waliofika katika karne ya 19 waliistaajabia. Kahawa ilipoletwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne hiyo, wenyeji hawakung'oa migomba ili kuipisha. Waliipanda chini ya migomba, na migomba ikabaki chini ya miti mirefu. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU. Kahawa ikasomesha watoto na kuezeka nyumba bati. Leo mzee akisema kahawa ni mila yetu, tusimcheke, lakini tukumbuke kwamba kwa babu yake kahawa ilikuwa jambo jipya.

Kisha kahawa nayo ikayumba. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mgawo wa mauzo yalivunjika na bei ikaanguka. Ugonjwa wa chulebuni ulikuwa umeshaongeza gharama za dawa. Wengine walipanda miche mipya inayovumilia ugonjwa, iliyotoka kituo cha utafiti cha Lyamungu. Wengine walifuga ng'ombe wa maziwa zizini, wengine wakalima mboga, na wengi wakawaaga wazazi wakaenda mjini. Hata ibada zetu zimebadilika. Mkungu wa ndizi na trei la mayai bado hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada, lakini mshindi wa mnada anaweza kuwa mtoto wa usharika aliyeko Mwanza, anayelipa kwa simu. Mungu hapungukiwi kwa hayo.

Kubadilika basi si dhambi. Lakini pia si wokovu, na hapa mfongo unatufundisha. Mfongo hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Una wazee wake, una zamu zake, na una siku ya kuusafisha ambayo kila mwenye kunywa hutakiwa kufika na jembe. Asiyefika hutozwa faini. Mvua zinapokuwa chache, aliye juu ana nguvu ambayo hakuiomba: maji humpitia yeye kwanza. Anaweza kufungulia shamba lake la nyanya usiku kucha, na asubuhi akasema, kwa ukweli kabisa, kwamba amejifunza kuishi na mabadiliko ya hali ya hewa. Amejifunza. Na mama aliye chini, ambaye zamu yake ilikuwa alfajiri, amekuta tope. Mmoja amebadilika na mwingine amelipa.

Biblia inalijua jambo hili. Katika Mwanzo 13 nchi haikuwatosha Abramu na Lutu, na wachungaji wao wakagombana. Abramu alikuwa mkubwa kwa umri, na ndiye aliyepewa ahadi. Kwa desturi yoyote tunayoijua sisi, angechagua kwanza. Alimwacha mdogo achague, na Lutu akachukua bonde lenye maji. Uhaba ulikuwa wa kweli na kutengana kulikuwa kwa lazima, lakini Abramu hakuutupa mzigo wake kwa aliye mdogo kuliko yeye. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu aliamini kwamba ahadi ya Mungu haikutegemea bonde lile.

Kuna habari nyingine ambayo tunaihubiri nusu tu. Tunampenda Yusufu wa Mwanzo 41, aliyeweka akiba miaka saba ya shibe. Ni mfano mzuri wa kujiandaa. Lakini tuendelee kusoma hadi sura ya 47. Njaa ilipozidi, watu walinunua nafaka kwa fedha hadi fedha zikaisha, wakatoa mifugo, kisha wakatoa mashamba yao na miili yao, wakawa watumwa wa Farao. Waliokoka na njaa, na wao wenyewe walishukuru. Hata hivyo nchi iliyotoka katika njaa ile haikuwa tena nchi ya watu huru, na baadaye uzao wa Yusufu wenyewe walionja utumwa katika nchi hiyohiyo. Sura hiyo inaongeza jambo ambalo sisi watumishi tusiliruke: ardhi ya makuhani haikuguswa. Kanisa lenye viwanja na mashamba linaposoma mstari huo, linapaswa kujiuliza limesimama wapi wakati washarika wake wanauza vihamba ili kulipa hospitali na ada.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo linavunja nyumba zetu. Kihamba ni kidogo. Vingi havifiki ekari mbili, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.8 katika mkoa wa Kilimanjaro. Desturi humpa mtoto wa kiume, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi. Desturi hii ilikuwa na busara yake. Ilizuia shamba kukatwakatwa hadi lisimlishe mtu yeyote, na ilihakikisha wazazi wanapata mtu wa kuwazika na kulinda makaburi yao. Lakini desturi hiyo ilitegemea jambo moja: binti ataolewa na atakuwa na mahali kwa mumewe. Leo binti anaweza asiolewe, au ndoa ikavunjika, au akawa mjane akafukuzwa alikoolewa. Anarudi nyumbani na watoto wawili, na kaka yake anamwambia, "Dada, wewe huna sehemu hapa." Mambo yote yamebadilika isipokuwa lile moja linalomuumiza yeye. Kaka anaita hilo kulinda mila. Kwa kweli amebadilika kama wengine, ila bili amempa dada yake.

Sheria ya nchi imeshasema. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikabatilisha mila zinazomnyima mwanamke kumiliki ardhi. Hata hivyo Mungu alikuwa amesema mapema zaidi. Katika Hesabu 27 mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakadai urithi wa baba yao, na Bwana akasema wanasema kweli. Wazee wa ukoo hawakutulia. Katika Hesabu 36 walileta hofu ileile tunayoisikia kwetu: binti akiolewa, ardhi itahamia ukoo mwingine. Hofu yao ilisikilizwa na utaratibu ukawekwa, lakini haki ya mabinti haikufutwa. Wazee wetu wanaweza kujifunza hapo namna ya kutafuta njia. Si lazima kila kihamba kikatwe vipande sita. Ndugu wanaweza kukitumia pamoja, au anayebaki akawafidia wengine, au binti aliyerudi akapewa nyumba na sehemu ya kulima, na yote yakaandikwa mzazi akiwa hai. Wanaokaa mezani wataona lipi linafaa. Jambo moja tu halikubaliki: kumpangia mtu gharama akiwa nje ya mlango.

Najua mtu atasema, "Mchungaji, mimi nina watoto. Je, Paulo hakumwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani?" Ndiyo, aliandika, na hatuwezi kumdharau baba anayefungulia maji kwa sababu watoto wana njaa. Lakini tukisoma mwanzo wa sura hiyohiyo, 1 Timotheo 5, tunaona Paulo anazungumza juu ya wajane na nani atakayewabeba. Andiko tunalolitumia kujifungia liliandikwa ili mjane asiachwe. Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba imani humweka mtu huru kabisa mbele za Mungu, na upendo humfanya ajitoe kumtumikia jirani. Aliyekwisha kuokolewa kwa neema hana haja ya kujiokoa kwa mgongo wa mwenzake. Hii ndiyo faida ya imani wakati wa uhaba. Haiongezi maji kwenye mfongo, lakini inapunguza woga unaotufanya tuyaibe.

Wazee wa mlimani walikuwa na mmea wa sale. Hupandwa mpakani, kuonyesha hapa ni kwako na hapa ni kwangu. Na mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale kuomba msamaha, na anayeletewa hutakiwa asikatae. Mmea uleule wa mpaka ndio wa upatanisho. Waliofikiri hivyo walijua kwamba panapokuwa na mpaka patakuwa na makosa, na kwamba jirani atahitajika tena kesho.

Kwa hiyo, ndugu msharika, kabla hujakata mti, hujafunga mfereji, hujauza kihamba au kukigawa, zungumza na nyumba yako juu ya mambo matatu. Tunabadilisha nini? Nani atalipa? Je, huyo atakayelipa ameulizwa? Kama jibu la swali la tatu ni hapana, simamisha jambo hilo kwanza, ukamwite. Bwana wetu Yesu Kristo alipotaka kututoa katika hali yetu ya zamani, hakumtuma mnyonge alipe. Alilipa mwenyewe. Neema yake itufundishe kuishi hivyo. Amina.