Majirani Wawili na Taa Nyekundu

Kisa hiki ni cha mfano, kimeundwa kutokana na mambo yanayowapata wateja wengi. Kwa hiyo hatutaji jina la mtu wala la kampuni ya intaneti. Mama mmoja anaendesha nyumba ndogo ya wageni mjini Lushoto, kando ya barabara ya kwenda Irente. Jirani yake ni mwalimu mstaafu. Waya wa faiba ulipofika mtaani kwao, wote wawili waliunganishwa wiki moja.

Wakala alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Alimweleza mama habari za intaneti isiyokatika na televisheni yenye chaneli zote, vyote kwa malipo ya pamoja. Mama aliuliza bei tu. Akalipia miezi mitatu kwa simu, tena kwenye namba ya kijana mwenyewe, maana aliambiwa ndiyo njia ya haraka. Kabla wiki haijaisha akauza king'amuzi na dishi lake.

Mwalimu alipewa ahadi zilezile, lakini aliomba ziwe kwenye maandishi. Alitaka orodha ya chaneli, akaisoma hadi mwisho, akaona zile zinazoonyesha Ligi Kuu ya soka ya Tanzania hazimo. Haki za kurusha ligi hiyo ziko kwa Azam Media, ambayo mwaka 2021 ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Ahadi ya wakala haiwezi kuhamisha haki zilizonunuliwa na mwingine. Mwalimu akabaki na king'amuzi chake. Malipo aliyafanya kwa namba ya kampuni, akapewa risiti. Fundi alipomaliza kazi, walipima kasi pamoja kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, kwa kuwa kuta nene hupunguza nguvu ya Wi-Fi na kumfanya mteja ailaumu faiba bure. Matokeo yakaingia kwenye daftari pamoja na tarehe. Hatimaye akauliza: hizi taa za kwenye kisanduku zina maana gani?

Swali hilo ndilo lililomfaa baadaye. Faiba ni uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga. Mwanga ukiacha kufika nyumbani kutoka mtambo wa karibu, taa yenye maandishi LOS huwaka nyekundu. Maana yake njia ya hapo karibu ina hitilafu: waya umekatika, umekunjwa mno au umechomoka. Hitilafu ikiwa mbali, tuseme chini ya bahari, mwanga wa mtambo wa karibu huendelea kufika. Taa hiyo haiwaki nyekundu, ila kurasa hazifunguki. Mteja anayejua hivyo hahitaji kuwa fundi ili kujua tatizo liko upande gani.

Mapema mwezi Mei 2024, mvua za masika zikiwa bado nzito, lori lililosheheni kabichi lilinasa waya uliokuwa umelegea juu ya barabara, likaukata. Taa nyekundu ikawaka katika nyumba zote mbili. Kwa mama, televisheni ilizimika pamoja na intaneti, kwani vyote vilipita kwenye uzi uleule, na king'amuzi alikwishakiuza. Wageni wakanung'unika. Alipiga simu huduma kwa wateja, akaambiwa azime kisanduku na kukiwasha tena. Alipopiga mara nyingine aliambiwa fundi yuko njiani. Akashukuru, akakata simu.

Mwalimu naye alipiga simu, lakini hakuikata mpaka alipopewa namba ya taarifa. Akaandika siku, saa, namba hiyo, jina la aliyempokea na rangi ya taa. Akapiga picha kisanduku, akapiga na waya uliolala barabarani. Fundi alipochelewa hakumtukana, kwa maana barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni hukumbwa na maporomoko ya udongo wakati wa masika, na anayeipanda naye ana roho.

Kisha, Jumapili ya tarehe 12 Mei, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ikapata hitilafu upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikayumba Tanzania na katika nchi kadhaa za ukanda huu. Fundi alifika Lushoto baada ya hapo, akaunga waya, huduma ikarudi.

Mama alipodai arudishiwe siku alizokosa huduma, alijibiwa kwamba hitilafu ilikuwa ya baharini na iliathiri nchi nzima. Habari ya bahari ilikuwa kweli tupu, lakini waya wake ulikatika siku kadhaa kabla. Angelithibitishaje? Hakuwa na namba ya taarifa, tarehe wala picha. Isitoshe, kumbukumbu za kampuni zilionyesha malipo ya mwezi mmoja tu. Fedha ya miezi mingine miwili ilibaki kwa wakala, ambaye simu yake haikupatikana tena. Mwalimu alipeleka barua ya ukurasa mmoja pamoja na picha zake, akaongezewa siku zote.

"Mwalimu, kumbe una mtu wako huko kampuni?" mama akauliza.

"Sina mtu, mama. Nina daftari."

Wahenga walikwishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Huduma tunayolipia kila mwezi ni mali, na mteja asiyeweka kumbukumbu huwa amemkabidhi muuzaji kazi ya kukumbuka kwa niaba yake. Hata kampuni yenye nia njema haiwezi kukumbuka jambo ambalo halikuandikwa.

Sheria haikumwacha mteja peke yake. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, pamoja na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Utaratibu ni kulalamika kwanza kwa aliyekuuzia huduma, na usiporidhika, kupeleka lalamiko TCRA. Lakini kote huko utaulizwa swali lilelile: ulitoa taarifa lini, na uthibitisho uko wapi?

Anayeunganishwa leo na aombe ahadi kwa maandishi, asome orodha ya chaneli kabla ya kuuza king'amuzi, na alipe kwa namba ya kampuni peke yake. Apime kasi fundi angali nyumbani. Aweke akiba ya bando la simu, hasa kama riziki yake inategemea mtandao. Na kila hitilafu aiandike siku ileile inapotokea, kwa sababu siku ya kudai haki, aliyeandika ndiye atakayesikilizwa.