Je, Mwenye Kushika Mengi Ndiye Mwenye Akili Nyingi?

Wengi wetu twapima akili ya mtoto kwa wepesi wake wa kushika. Aulizwapo hesabu ya mdomo akajibu papo hapo, husifiwa. Mwenziwe akipotewa katikati, huitwa mzito, na huitwa hivyo mpaka naye akasadiki. Je, kipimo hiki ni cha haki?

Kumbukumbu ya mtu si ya namna moja. Iko iliyo kama ghala, ihifadhiyo mambo miaka mingi. Na iko iliyo kama meza ya duka, tuwekapo kwa kitambo kidogo yale tunayoyashughulikia. Meza hii ni ndogo. Mwaka 1956 George Miller wa Marekani alikadiria vitu 7 hivi. Mwaka 2001 Nelson Cowan akasema ni kama 4 tu. Mwenye meza pana hufaulu katika mambo ya hatua kwa hatua, kwani afikapo hatua ya nne hajapoteza ya kwanza. Hilo hatulikanushi.

Lakini si kila fumbo hufumbuliwa hivyo. Mwaka 1942 Abraham Luchins alieleza jaribio la mitungi. Kwa mitungi ya vipimo 21, 127 na 3, yatakiwa vipimo 100: hujazwa ule wa 127, yakatolewa maji ya 21 mara moja na ya 3 mara mbili. Watu walipokwisha kuizoea njia hiyo, walipewa mitungi ya 23, 49 na 3, wapate 20. Wengi walirudia njia ile ile ndefu, hali 23 ukitoa 3 zabaki 20! Tena mwaka 2007 Sian Beilock na Marci DeCaro walionyesha kwamba, pasipo kutiwa shinikizo, wenye meza pana ndio walioelekea zaidi kuing'ang'ania njia ndefu. Twaona si ajabu: awezaye kubeba mzigo mzito haoni haja ya kuupunguza.

Basi yatupasa nini? Mtoto apotewaye apewe karatasi na kalamu, ziwe meza yake ya pili, wala asikatizwe akifikiri. Na aliye mwepesi, akisha kujibu, aulizwe: "Hakuna njia nyingine?"

Upana wa meza hakuna aliyejichagulia. Kumwita mtoto mjinga kwa sababu yake ni kumdhulumu yeye, na ni kujinyima sisi wenyewe ile njia fupi ambayo huenda angaliiona.